Ngome ya Bwana Nyasi

Nyie vijana mnaopita hapa kwangu Kwamsisi na pikipiki zenu, mkasimama kuniamkia kabla ya kuuliza swali, nawashukuru. Shikamoo ni nzuri. Lakini najua kinachofuata baada ya shikamoo: "Mzee Saidi, hebu tuambie, lile jumba la kule juu ya Mombo lilijengwa na nani? Na hoteli yao inaajiri?" Swali la pili ndilo lililowaleta, la kwanza ni heshima tu. Basi mimi nitajibu la kwanza, kwa sababu la pili sina mamlaka nalo, na sikuwa nayo hata nilipokuwa kazini.

Nilianza kazi Kwemzinga, pale penye hilo jumba, ndevu hazijaota, nikatoka zimeota na kugeuka mvi. Nilikuwa mtunza bustani. Miaka ya mwisho wakaniongezea cheo cha kuwatembeza wageni na kuwasimulia historia ya mahali pale, bila kunipunguzia jembe. Vyeo vya watu wa aina yangu hupanda hivyo: unatwishwa mzigo wa pili juu ya wa kwanza, halafu unapongezwa.

Kwa ambaye hajafika, jumba lenyewe liko ukingoni kabisa mwa jabali. Ukisimama kwenye nyasi zake unaona barabara kuu chini, mabasi yamesimama Mombo abiria wanashuka kula, mistari ya mkonge, na mbali kabisa, kwenye ukungu, upande wetu wa Handeni. Ni jumba la mawe, lina mnara wenye meno juu yake kama taya la mbwa, madirisha membamba marefu na dohani nne. Sisi tuliliita Ngome, kwa sababu ndivyo lilivyotaka kuitwa.

Lilijengwa na Mskoti mmoja, meneja wa shamba la mkonge wakati wa mkoloni. Jina lake la kwao halikukaa midomoni mwa watu. Watu walimwita Bwana Nyasi. Aliyenisimulia habari zake ni Mzee Mhina, mwalimu wangu wa bustani, ambaye ujanani mwake alimfanyia kazi.

"Alikuwa anapiga magoti," Mzee Mhina aliniambia. "Mzungu mzima, meneja wa shamba, kofia ameiweka pembeni, anapekua nyasi kama mama anayemtafuta mtoto chawa. Wazungu wenzake wakija kunywa, anainuka haraka, anajifuta magoti."

"Alikuwa na cheo gani huko kwao?"

"Cheo cha kuwa mbali na kwao," akajibu, akaendelea kupalilia.

Bwana Nyasi alikuwa ameshaondoka wakati mimi naanza. Jumba likapita mikononi mwa watu wengi: mara likawa nyumba ya wageni wa shamba, mara ghala la mahindi, mara likabaki na popo na nyuki. Mabwana walibadilika, nyasi hazikubadilika, ndiyo maana mtunza bustani alibaki. Kumbukeni hilo mnapochagua kazi. Wakubwa husahau kuezeka paa miaka kumi, lakini majani yakifika magotini siku mbili tu, wanauliza nani anahusika.

Niwasimulie siku niliyotaka kuonekana hodari. Upande wa jabali kulikuwa na ua la michongoma, na lile ua lilikuwa na matundu mpaka unaona mabasi ya Mombo. Nikasema moyoni, huyu mzee amezeeka, amelala. Nikaokota mabati chakavu, nikayapanga, nikaziba kila tundu, nikakandika na udongo. Mzee Mhina alinikuta najifuta jasho. Hakugomba. Alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia, akasubiri upepo wa alasiri.

Upepo wa pale haupiti, unapanda. Unakuja ukitambaa kwenye jabali kutoka chini, na siku ile ulipofika kwenye mabati yangu ulikosa pa kupita, ukaruka juu, ukajitupa ndani kwa hasira. Nyanya zote zikalala chini na miti yake ya kushikizia. Mipapai miwili ikavunjika shingo.

"Upepo ni mgeni mwenye njaa," alisema Mzee Mhina, bado kakalia ndoo yake. "Ukimfungia mlango, ataingia kwa dirisha na atavunja vyombo. Mwachie upenyo, apite taratibu, atakuwa mtu wa adabu."

Tangu siku ile sikuziba tundu la ua, na pasipalamu, zile nyasi za mbele ya jumba, sikuikata chini sana wakati wa kiangazi, maana nayo inahitaji nywele zake kujikinga na jua. Hayo ndiyo masomo yangu. Cheti changu ni mipapai miwili iliyovunjika.

Sasa tuingie ndani ya jumba, na hapa nawaomba msicheke kabla ya wakati. Kwa nje Ngome ilikuwa na fahari ya kumfanya mtu avue kofia. Kwa ndani ilikuwa kama imejengwa na mtu mwingine aliyekuwa na homa. Zile dohani nne hazikuwa na sehemu ya kuwashia moto chini yake hata moja. Zilianzia kwenye dari zikaenda juu. Jiko halikuwepo kabisa, chakula kilipikwa kwenye kibanda uani. Ngazi za mnara zilipanda vizuri, zikakunja kona, zikaishia kwenye ukuta. Madirisha yale mazuri, ukiwa ndani, mengine yalikuwa karibu na dari, mengine yalianzia sakafuni ikabidi ulale kifudifudi ndiyo uone Mombo. Nilimuuliza Mzee Mhina kwa nini. Alisema, "Mimi kazi yangu inaishia kwenye kizingiti."

Alikufa, Mungu amrehemu, kabla hoteli haijaja. Alinusurika.

Hoteli ilikuja na tajiri mmoja wa Dar es Salaam, ambaye tulimwona mara chache, na meneja aliyeitwa Festo, ambaye tulimwona kila saa. Meneja Festo alikuwa kijana msomi, mchapakazi, suruali imepigwa pasi hata Jumapili. Sitamsema vibaya, ila nitamsema. Yeye aliamini kwamba jumba lenye sura ya ngome lazima liwe na historia ya ngome. Na kwa kuwa historia haikuwepo, aliitengeneza. Alitukusanya wafanyakazi wote kwenye nyasi akatufundisha: Bwana Nyasi alikuwa chifu wa ukoo mkubwa huko Uskoti, damu ya wafalme, aliyekuja Afrika baada ya ugomvi wa urithi. Kasri la kwao liko juu ya jabali la bahari. Sisi tukakariri kama watoto wa madrasa.

"Na ngazi zinazoishia ukutani?" aliuliza Mama Shabani, mpishi wetu, mjane aliyekuwa analea wajukuu zake.

"Ziliwekwa kuwapotosha maadui," alisema Meneja bila kupepesa macho.

Mimi ndiye niliyepewa kuwasimulia wageni, kwa sababu nilikuwa na Kiingereza cha kuokota kwa wataalamu wa mkonge. Na ninyi mnajua, uongo ukishaupokea kwa mtu, unaona vibaya kuufikisha kwa wengine jinsi ulivyo, unautia chumvi. Siku moja mtalii akaniuliza, "Maadui gani hao?" Sikuwa nimejiandaa. Nikatazama bondeni, nikaona ukungu wa Handeni, nikajibu, "Wazigua." Yule mtalii akaandika. Mimi ni Mzigua, baba yangu Mzigua, babu yangu alikuwa mkulima wa Kang'ata ambaye ugomvi wake mkubwa maishani ulikuwa na nguruwe pori. Siku ile nilimtangazia vita babu yangu, nikapewa pipi na mtalii.

Halafu kukawa na suala la jina. Kwemzinga ni mahali pa mizinga, mizinga ya nyuki, kila mtoto wa pale anajua. Wazee walining'iniza mizinga kwenye miti ile tangu zamani, na nyuki wenyewe hawajawahi kuhama. Lakini wageni waliojifunza Kiswahili kwenye simu wakawa wanauliza, mzinga uko wapi? Wa kupigia vita. Meneja aliona aibu. Akaenda kwenye kiwanda cha mkonge kilichokufa, akarudi na bomba nene la chuma, tukalipaka rangi nyeusi, tukaliweka juu ya magurudumu ya mkokoteni, mdomo umeelekea barabara kuu. Wageni walipigwa picha nalo. Mimi nilikuwa nalipulizia maji kila asubuhi ili lionekane la kale.

Pamoja na uhodari wote huo, hoteli haikwenda. Wageni walikuja wakalala mara moja, hawakurudi. Nani atarudi kulala kifudifudi ili aone dirishani? Tajiri akatuma neno kwamba msimu ule ukiisha hivyo hivyo, atafunga, ang'oe milango na mabati akajengee kwingine. Tukaanza kutazamana. Nilimwona Mama Shabani akisugua sufuria lililokwisha takata.

Ndipo habari ikafika kwamba anakuja mjukuu wa Bwana Nyasi.

Meneja Festo alikaribia kuruka. Mjukuu wa chifu, mwenye damu yenyewe! Alialika mawakala wa utalii kutoka Arusha na Dar, akamwalika tajiri, wakubwa wa wilaya, wazee wa vijiji vya jirani. Mipango ilikuwa kwamba mgeni atashukia Korogwe, apokewe na gari lililopambwa, apande mlima na matarumbeta. Halafu atahutubia pale kwenye nyasi, mimi nikitafsiri kwa Kiswahili. Meneja alikwenda Korogwe mwenyewe na gari.

Mgeni alipitiliza Korogwe. Abiria wenzake ndani ya basi walimwambia ukweli, kwamba kwa anakokwenda Mombo ni karibu zaidi. Akashuka Mombo, akala ndizi za kukaanga kwa Bi Mwanahawa pale stendi, akapanda bodaboda. Mimi nilikuwa napalilia ndani ya bustani iliyozungushiwa ukuta nilipoona mwanamke wa Kizungu, mtu mzima kama mimi, mavumbi mpaka kwenye nyusi, ameingia bila kubisha. Nilidhani ni mtalii aliyepotea.

Alichuchumaa pembeni yangu akang'oa ndago.

Vijana, nisikilizeni hapa. Kila mtu anaweza kung'oa ndago. Anavuta jani, linakatika, anafurahi, na baada ya wiki ndago inarudi na ndugu zake. Kile kiazi chake kimebaki chini. Yule mama hakuvuta jani. Alifuata mzizi kwa kidole, akachimba, akachimba, mpaka akakitoa kiazi, akakitazama, akakitia mfukoni ili kisiangukie ardhini tena. Nikajua huyu hakuja kupiga picha.

"Nani alikufundisha?" nilimuuliza kwa Kiingereza changu.

"Baba yangu," alisema. "Na yeye alifundishwa na babu. Babu alijenga nyumba hii."

Kiingereza chake kilikuwa kama lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza. Ilibidi nimwambie arudie, na yeye hakuchoka kurudia. Jina lake Bi Moragi. Alikuwa amestaafu, kazi yake yote maishani ilikuwa kuendesha basi la shule. Nilipomwambia tulikuwa tunamngoja kama mtoto wa chifu, alinitazama, akaketi kwenye toroli langu.

"Chifu? Baba yake babu alikuwa mtunza bustani," alisema. "Kasri lilikuwepo, ndiyo. Juu ya jabali, bahari inapiga chini, baridi inayokata masikio. Bustani yake ilikuwa imezungushiwa ukuta kama huu, kwa sababu upepo wa chumvi ulikuwa unaua kila kitu. Babu alizaliwa kwenye nyumba ndogo nyuma ya ule ukuta. Alikua anaitazama ile ngome kila siku. Lakini ndani hakuwahi kuingia. Watoto wa watumishi hawakuruhusiwa hata kukanyaga ngazi."

Nilinyanyua macho nikaitazama Ngome yetu. Dohani nne, madirisha marefu, mnara. Kila kitu ambacho mtoto aliyesimama bustanini angekiona kilikuwepo, na kimepangwa vizuri. Kila kitu ambacho mtoto aliyesimama bustanini asingekiona kilikuwa kichekesho. Yule bwana alijenga kwa kumbukumbu, na kumbukumbu yake, kama Mzee Mhina, iliishia kwenye kizingiti. Sikucheka.

Meneja aliporudi kutoka Korogwe na gari lake lenye maua, alikwenda kumkaribisha mgeni. Bi Moragi akamweleza mambo yale yale. Meneja akaitikia "yesi, yesi", akatabasamu, hakuambulia neno. Nikamvuta pembeni nikamweleza.

Kisha akasema kwa sauti ya chini, na nataka mjue kwamba hakuwa anatania. "Mzee Saidi, wale mawakala wamekuja kumwona chifu. Tajiri amekuja kumwona chifu. Mama Shabani ana wajukuu. Mimi mama yangu anaumwa, nategemewa. Kile Kiingereza cha huyu bibi hakuna anayekielewa hapa isipokuwa wewe. Mimi naona Mungu ametufungulia njia."

"Unataka nisemeje?"

"Wewe ni mtu mzima. Tafsiri kwa busara."

Busara! Neno hili mtakutana nalo sana kazini. Mkubwa akikwambia useme kweli, anakuamuru. Akitaka useme uongo, anakusifu akili.

Alasiri tukakusanyika kwenye nyasi. Tajiri mstari wa mbele na mawakala na wakubwa. Nyuma yao wazee, wafanyabiashara wa mjini na familia zao, Bi Mwanahawa aliyepanda kutoka stendi na kanga yake mpya. Katikati yao alikaa binti yangu Rehema, mwalimu, niliyemsomesha kwa jembe lile lile. Alikuja kumsikia baba yake akitafsiri mbele ya watu. Nyuma kabisa Mama Shabani amesimama na sinia.

Bi Moragi alisimama karibu na ule mzinga wetu. Alishukuru, nikatafsiri, watu wakapiga makofi. Akasema babu yake alizaliwa kwenye kasri linalofanana na hili, juu ya jabali la bahari. Nikatafsiri. Makofi makubwa zaidi. Mawakala, ambao Kiingereza cha vitabuni wanakijua sana, walikuwa wananitazama mimi mdomoni kama watu wa kijijini. Meneja Festo uso wote ulikuwa unang'aa.

Kisha akasema ile sentensi. Aliisema polepole, kama alivyozoea kunirudia asubuhi. "Lakini alizaliwa upande wa bustani. Baba yake ndiye aliyekuwa mtunza bustani." Akanigeukia, akatabasamu, akangoja.

Sitawadanganya kwamba nilikuwa shujaa. Kinywani mwangu yule chifu alikuwa ameshavaa viatu, tayari kutoka. Nilimtazama Mama Shabani na sinia lake. Nilimtazama Meneja, naye alikuwa anatazama chini. Nikafungua mdomo. Na hapo macho yangu yakamwangukia Rehema. Alikuwa amekaa wima, kanyoosha shingo, ananisubiri. Nikaona kwamba ili nimtoe chifu, lazima kwanza nimfiche mtoto wa mtunza bustani kama uchafu, na huyo mtoto wa mtunza bustani alikuwa amekaa pale na miwani yake.

"Anasema," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, "babu yake alikuwa mtoto wa mtunza bustani. Ndani ya kasri hakuwahi kuingia. Alikuwa analitazama kutokea nje. Hili alilijenga kwa kukumbuka."

Nilisikia breki za basi huko chini Mombo. Wakala mmoja alimgeukia mwenzake. Tajiri hakujitikisa.

Kisha Bi Mwanahawa, yule muuza ndizi, akapiga paja lake kwa kofi. "Haa! Ndo maana halina jiko!"

Mungu wangu. Kicheko kilianza kwa wazee, kikaenda kwa wafanyabiashara, kikafika mpaka kwa wakubwa, ambao walijaribu kukohoa wakashindwa. Mzee mmoja akawa anarudia, "Dohani nne! Dohani nne na moto hamna!" Bi Moragi akaniuliza wamesema nini. Nikamtafsiria. Alicheka mpaka akatafuta pa kujishikilia, akaushika mzinga, nao ukachomoka kwenye mkokoteni, ukaanguka, ukabiringika kwenye nyasi zangu ukilia ng'ang'ang'a, kama bomba tupu, mpaka ukagota kwenye michongoma.

Tajiri alisimama akanijia. Nilijua kazi imekwisha. Aliniinamia sikioni.

"Kwa hiyo zile ngazi si za maadui?"

"Si za maadui, tajiri."

Akashusha pumzi. "Nimewasimulia watu wengi sana Dar," alisema, akarudi kuketi.

Mawakala waliondoka jioni ile ile, na sijasikia kwamba walileta mgeni hata mmoja. Meneja Festo hakunifukuza. Aliniadhibu kwa kuninyang'anya kazi ya kusimulia historia, akanirudisha bustanini tu. Nilipokea adhabu hiyo kwa huzuni iliyonipasa, nikaenda nyuma ya ukuta nikatabasamu.

Kesho yake asubuhi Bi Moragi aliniomba tuizunguke nyumba kwa nje. Tulitembea polepole, yeye akipapasa ukuta kwa mkono. Tulizunguka mara ya kwanza, akasimama, akasema tuzunguke tena. Tukazunguka tena.

"Mlango wa watumishi uko wapi?" aliuliza.

"Upi?"

"Kila nyumba ya namna hii ina mlango wa watumishi. Nyuma, mdogo, chini chini. Kule kwao ndio mlango alioujua babu, baba yake alikuwa anapeleka mboga pale. Angeweza kuuchora amefumba macho."

Nilifikiri. Miaka yote niliyokuwa pale, mimi, Mzee Mhina, wapishi, wafua nguo, wapiga deki, na magunia ya mahindi ya wakati wa ghala, sote tulipita mlango mmoja wa mbele wenye tao. Hatukuwahi kuona kama ni heshima. Tulidhani ni ubahili wa mbao.

"Hapa haupo," nilimwambia. "Pengine alisahau."

Bi Moragi alitazama ule ukuta mzima, usio na tundu. "Hapana," alisema. "Huo hakuusahau."

Aliondoka na basi la mchana.

Na hoteli? Hapo ndipo mnaponishangaza nyie watu. Habari zilishuka mlima haraka kuliko bodaboda: kule juu kuna jumba la mtoto wa mtunza bustani, limejengwa ili kutazamwa kwa nje tu. Watu wakaanza kuja. Kutoka Korogwe, Handeni, Lushoto, maharusi na wapambe wao, sendofu, mahafali, kila Jumamosi matarumbeta. Hakuna aliyetaka chumba, wala dirisha la sakafuni. Walitaka kusimama kwenye nyasi, Ngome iwe nyuma yao, wapigwe picha, wale pilau ya Mama Shabani, waende zao. Tajiri aligundua kwamba kile kilichotushinda kukiuza miaka yote, yaani ndani, hakikuhitajika. Milango haikung'olewa.

Lakini biashara ikishakuwa nzuri, heshima nayo huja kudai fungu lake. Meneja Festo alianza kuona vibaya kwamba bibi harusi anasimama kwenye mlango wa tao na shela lake, na hapo hapo Mama Shabani anapita na sufuria la wali kichwani kutoka kibandani. Akaleta fundi. Wakatoboa ukuta wa nyuma, wakaweka mlango mdogo, chini chini, wakaupaka rangi ya kahawia, wakabandika juu yake neno WAFANYAKAZI. Kisha akaniambia, "Mzee Saidi, pale pamekaa wazi, hapapendezi. Panda hapo kitu kipapambe."

Nikasema ndiyo, bosi. Nikapanda boganvilia pande zote mbili.

Sasa niwape somo langu la mwisho, nalo lina faida kwa yeyote mwenye ua na mkubwa wa kazi. Boganvilia haipendi kubembelezwa. Ukiimwagilia sana, inatoa majani tu. Ukiiacha kabisa, inapanda juu kama mlingoti, chini inabaki uwazi mtu anapita. Lakini ukiikata, kila ulipokata tawi moja yanatoka matatu, na kila tawi na miiba yake. Meneja alipoona matawi yanaanza kusogelea mlango, aliniambia niyakate. Nikayakata. Baada ya mvua akaniambia, mbona yamezidi? Kata tena. Nikakata tena, kwa uangalifu, kwenye kifundo kabisa, kama Mzee Mhina alivyonifundisha. Kila alipoamuru, nilitii, na kila mtu ni shahidi kwamba sikuwahi kukaidi. Mwaka ulipogeuka ule mlango haukuonekana tena. Kulikuwa na ukuta wa maua mekundu ambao hata kuku hakupenya, na maharusi wakaanza kupiga picha huko pia.

Siku niliyoagwa kustaafu kulikuwa na harusi. Nilisimama kwenye nyasi na begi langu. Bibi harusi alikuwa kwenye mlango wa tao, wapambe wanamnyoosha shela, mpiga picha amepiga goti. Mama Shabani akatokea na sufuria kichwani, akasema, "Jamani, moto huo!" Bibi harusi akashika shela lake, akasogea pembeni, akampisha.